Dishi halihitaji kupanda juu ya bati

Januari na Julai ni miezi ya kuhama. Mwalimu kapata uhamisho, muuguzi kapangiwa wilaya nyingine, mpangaji kaongezewa kodi akaona bora atafute nyumba mtaa wa pili. Kirikuu kinapakiwa kitanda, godoro, mtungi wa gesi na ndoo za vyombo, na juu ya mzigo wote, kwa kamba ya manila, linafungwa dishi.

Jioni hiyo hiyo watoto wanauliza katuni. Mama bado anatafuta ilipo sufuria ya ugali. Baba, ambaye hajalala vizuri siku mbili, anaazima ngazi kwa jirani na kupanda juu ya bati la nyumba asiyoijua, giza likiingia, spana mfukoni. Hajui kenchi ipi imeoza. Hajui waya wa umeme umepita wapi. Ngazi inashikwa na mtoto wa darasa la tano.

Safari hiyo ya juu haimwongezei picha hata kidogo. Setilaiti anayoitafuta iko kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Mita tatu za paa kwenye umbali huo si kitu. Dishi likiwekwa uani, chini kabisa, likaiona anga upande unaotakiwa, linapokea sawasawa na lile lililo juu ya ghorofa.

Mazoea ya kupanda yalitoka kwenye antena. Antena ya kawaida, ile yenye miti kama mifupa ya samaki, hupokea kutoka kwenye mnara uliosimama ardhini, na mnara hufichwa na nyumba, vilima na miembe. Huko kimo kinasaidia kweli. Ndiyo maana hata baada ya matangazo ya analojia kuanza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, familia zenye king'amuzi cha antena ziliendelea kuipandisha juu, na zilikuwa na haki. Dishi ni kitu kingine. Halitafuti mnara, linatafuta uwazi angani.

Uwazi huo uko wapi? Inategemea king'amuzi. Azam TV inatumia setilaiti zilizoko digrii 7 mashariki, ambazo kwa mtu aliyeko Tanzania ziko upande wa magharibi, zikiegemea kaskazini kidogo. Akiwa Dar es Salaam ataelekeza dishi kwenye 281 ya dira, na kuinua macho digrii 52 kutoka upeo wa macho, yaani zaidi kidogo ya nusu ya njia ya kufika utosini. DStv iko digrii 36 mashariki, na mstari huo wa ramani unapita karibu kabisa na Dodoma. Kwa hiyo setilaiti yake iko karibu utosini mwa nchi nzima: Dar es Salaam ni digrii 81, upande wa kaskazini ukielekea magharibi, na Mwanza ni digrii 85, lakini sasa upande wa kaskazini mashariki, kwa sababu mhamaji ameshavuka mstari kwenda ng'ambo ya pili.

Kutokana na namba hizi mzazi anaweza kupima uwanja wake bila kifaa chochote. Kwa dishi la digrii 52 lililoko mita moja kutoka ardhini, ukuta wa mita tatu hauzuii kitu mradi dishi liwe mbali nao zaidi ya mita moja na nusu. Mti wa mita kumi unahitaji kuachiwa mita saba hivi. Kwa dishi linalotazama utosini, mti wa jirani hauna neno, ila matawi yaliyotanda juu yana neno kubwa. Chini ya mwembe ni pazuri kwa kupumzika, si kwa dishi. Na atazame mbele kidogo: mgomba uliopandwa leo utakuwa ukuta baada ya mwaka.

Wapo watakaosema dishi la chini litaibiwa, au litapigwa mpira na watoto, au mbuzi atajikunia. Ni hoja za kweli, na uwani kusiko na uzio zina uzito. Jibu lake si lazima liwe paa. Kishikio kinaweza kupigwa ukutani kwenye kimo ambacho mtu mzima anakifikia akiwa amesimama ardhini. Kwa familia inayohamahama, bora zaidi ni ndoo ya rangi ya lita 20 iliyojazwa zege, katikati limesimamishwa bomba. Ikikauka uzito wake unakaribia mfuko wa saruji. Haibebwi na mtoto, upepo wa kawaida hauiangushi, na siku ya kuhama watu wawili wanaiingiza kwenye gari. Sehemu zenye upepo mkali iongezewe matofali kuizunguka.

Bomba hilo lisimame wima hasa. Fundi wengi wa mtaani wanalipuuza hili, nao wanahangaika kuliko inavyostahili. Bomba likiwa wima, kuzungusha dishi kunabadilisha upande tu, kimo kinabaki kilekile. Likiwa limeinama, kila linapozungushwa kimo nacho kinabadilika, na mtu anatafuta vitu viwili kwa wakati mmoja bila kujua. Pimamaji ya mwashi inatosha. Kama haipo, uzi wenye jiwe unafanya kazi ileile.

Kisha kimo kwanza, upande baadaye. Aliyehama Dar es Salaam kwenda Mwanza na dishi la Azam anahitaji kuliinua kutoka digrii 52 hadi 60. Asipofanya hivyo anaweza kulizungusha kutoka alasiri hadi isha asipate hata chaneli moja. Dishi la sentimita 90 likikosea digrii moja, ukingo wake wa juu umesogea sentimita moja na nusu tu kuliko wa chini, na tayari ubora wa mawimbi umeanguka. Likikosea mbili, hakuna picha. Digrii nane ni kutazama anga nyingine kabisa. Nyuma ya dishi, kwenye kishikio, kuna namba za kimo zilizochorwa kwenye bati, na zipo programu za simu ambazo zikiruhusiwa kujua mahali mtu alipo zinampa namba zake. Dira ya simu nayo inafaa, ila isisomwe karibu na bati, nondo au gari, maana chuma huipotosha.

Asishtuke akiona dishi lenyewe linaonekana kutazama chini kuliko namba inavyosema. Madishi mengi ya nyumbani yametengenezwa hivyo: LNB imekaa pembeni ya katikati, na dishi hutazama juu kuliko uso wake unavyoonyesha, kwa zaidi ya digrii 20. Anayelielekeza kwa macho, akisema "hapa ndipo linapotazama", atalilaza mno.

Sasa inakuja sehemu ambayo kila mtaa unaijua kwa sauti. "Imekuja?" "Bado!" "Na sasa?" "Ilikuja ikaondoka!" "Ilikuja lini, mbona hukusema?" Ndoa nyingi zimepata majaribu yake hapo, kati ya dirisha na uani. Tatizo huwa si mwenzi aliyeko ndani. King'amuzi kinachelewa sekunde kadhaa kuonyesha kilichotokea nje, na anayezungusha hana subira. Anapoambiwa imekuja, mkono wake umeshapita.

Dawa ni mbili. Kwanza, azungushe kidogo kama upana wa kucha, aache, ahesabu hadi tano, ndipo asogeze tena. Pili, asitafute picha, atafute namba. Kwenye menyu ya king'amuzi kuna mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi na mwingine wa ubora. Nguvu inaweza kuwa juu hata dishi likitazama pasipo na kitu. Mstari wa ubora ndio wa kuaminiwa, na ukipanda wakati chaneli hazifunguki, huenda dishi limekamata setilaiti ya jirani.

Kusoma namba hizo ni kazi ya mtoto. Wa miaka tisa au kumi anaiweza vizuri kuliko watu wazima, kwa sababu hana hasira na mtu. Akae mbele ya televisheni, aseme kwa sauti: ishirini, ishirini na tano, arobaini, thelathini na nane. Baba au mama aliyeko nje anasikia namba zikipanda na kushuka, anarudi pale ilipokuwa kubwa zaidi, anakaza nati kidogo kidogo kwa zamu, kwa sababu nati ikikazwa upande mmoja tu nayo inasogeza dishi. Pale nyumba ilipo mbali na dishi, simu ya video inamaliza makelele. Mama anayelea peke yake na mtoto wake wa darasa la nne wanaweza kuikamilisha kazi hii jioni moja, bila ngazi, bila kumsubiri mtu.

LNB nayo huzungushwa kwenye kishikio chake, kushoto au kulia, mpaka ubora ufike juu zaidi. Kila mkoa una mkao wake. Kabla ya kuifungua nyumba ya zamani, ipigwe picha mahali ilipokaa, pamoja na namba za kimo, ili kwenye nyumba mpya ijulikane pa kuanzia.

Yapo mambo matatu ambayo mtoto asiyaguse. King'amuzi kizimwe na kuchomolewa ukutani kabla waya wa dishi haujafungwa au kufunguliwa, kwa sababu king'amuzi hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwenye LNB kupitia waya huohuo. Umeme huo haumuui mtu, ila nyuzi za nje zikigusa ule waya wa shaba wa katikati, king'amuzi kinaweza kuungua. La pili ni bomba refu la chuma. Lisiinuliwe popote karibu na nyaya za umeme zinazoingia nyumbani, na hapa hakuna mjadala wala haraka inayotosha. La tatu ni radi. Ikianza kunguruma, waya wa dishi na wa umeme vyote vichomolewe, hasa kwa familia za kanda ya Ziwa ambako radi ni nyingi mno.

Dishi likishakaa, uadui wake mkubwa ni mtu mwenye spana. Mvua kubwa inanyesha, picha inagandaganda, baba anatoka na mwavuli kwenda kulirekebisha. Mvua nzito humeza mawimbi yenyewe, na ikipungua picha inarudi bila kuguswa. Aliyeligusa ndiye atakayekosa taarifa ya habari baada ya mvua. Kama picha inapotea hata kwa manyunyu, hapo kweli dishi lilikuwa limekaa ukingoni, na linafaa kurekebishwa, lakini siku ya jua.

Na jua nalo lina siku zake. Katika nusu ya pili ya Machi, na tena Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti likitazamwa kutoka hapa. Kwa dishi la Azam lililoko Dar es Salaam hilo hutokea karibu saa tisa alasiri. Picha hukatika dakika chache, siku kadhaa mfululizo, saa ileile. Mtoto asiadhibiwe kwa kuchezea rimoti.

Wapo wanaohitaji fundi, na fundi anastahili malipo yake: dishi lililokwisha kufungwa juu ya paa refu, nyumba iliyozungukwa na maghorofa, waya ulioingia maji ndani. Anayeitwa na afike mchana, na ngazi yake mwenyewe, na amwonyeshe mwenye nyumba namba ya ubora kabla ya kulipwa.

Kwa familia inayobeba dishi kwenda kijijini kila Desemba na kulirudisha Januari, kuna kazi moja ya dakika mbili iliyobaki. Siku dishi linapokaa sawa, mama achukue rangi ya kucha, achore mstari mmoja unaopita kwenye bomba na kwenye kishikio, na mwingine kwenye namba ya kimo. Rangi moja ya nyumbani, nyingine ya kijijini. Na pale ardhini ndoo iliposimama, vipigwe vigingi vitatu kuizunguka, ili mwakani irudi palepale, ikitazama kulekule.