Tuache Kumpima Mpiga Kinanda kwa Spika Yake

Hapa Bujumbura kuna imani inayowagharimu wapiga vinanda kuliko hata uhaba wa mafuta: kwamba mpigaji wa maana hujulikana kwa ukubwa wa spika yake. Utaikuta kwenye kamati za harusi, kwa viongozi wa kwaya, kwa wauza vyombo sokoni, na mbaya zaidi utaikuta kwa wapigaji wenyewe. Kijana wa Kinama au Kanyosha akipata fedha yake ya kwanza ya kueleweka, hanunui kinanda bora wala halipii masomo ya muziki. Ananunua boksi la inchi 15 lenye taa za rangi na vigurudumu, limeandikwa maelfu ya wati ubavuni. Kisha boksi linakaa nyumbani wiki nzima, kwa sababu chombo chake cha usafiri ni baiskeli.

Imani hiyo naipinga waziwazi. Haina msingi katika sayansi ya sauti, na hata katika muziki wa nchi hii haina mizizi.

Tuanze na namba iliyo kwenye boksi, maana ndiyo inayouza. Maelfu ya wati kwenye spika nyingi za bei nafuu huambatana na herufi PMPO. Hicho ni kipimo kisichofuata kanuni yoyote inayoeleweka: mtengenezaji huchukua kilele cha kufumba na kufumbua, ambacho spika haiwezi kukihimili, akakikuza apendavyo na kukichapa kwa wino wa dhahabu. Namba yenye maana ni ile ya nguvu ya kudumu, inayoandikwa RMS, na kwenye maboksi ya aina hiyo huwa ni sehemu ndogo sana ya ile ya kwanza, au haipo kabisa.

Hata wati za kweli hazifanyi kazi kama watu wanavyodhani. Ukiongeza nguvu mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji hukitambua lakini hakimshtui. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, zinahitajika desibeli zipatazo 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo, mambo mengine yakiwa sawa, spika ya wati 500 haiipiti ya wati 50 mara kumi. Inaipita mara mbili, na gharama ya hiyo mara mbili inalipwa na mgongo wako. Iko pia namba ambayo wauzaji hawaigusi, nayo ni desibeli ambazo spika hutoa kwa wati moja ukisimama mita moja mbele yake. Moja ikitoa 90 na nyingine 96, ya pili kwa wati 50 inafanya kazi ambayo ya kwanza ingehitaji wati 200 kuifanya. Mteja anayeuliza wati pekee hajauliza kitu.

Umbali nao unakula sauti kuliko wati zinavyoiongeza. Mahali pa wazi, kila umbali unapokuwa maradufu, desibeli 6 zinapotea. Nenda kwenye sherehe ya kutoa mahari, Buyenzi au Bwiza, utazame spika ilipo. Mara nyingi iko chini, kwenye sakafu ya saruji, nyuma ya mpigaji, imezibwa na viti vya plastiki na miguu ya wakwe. Sauti nyembamba, zile zinazofanya nota moja ya kinanda itofautiane na nyingine, hazipenyi miili ya watu. Zinaishia kwenye vitenge vya safu ya kwanza. Kinachofika nyuma ni mvumo. Mpigaji anapandisha sauti, walio mbele wanakunja uso, walio nyuma bado hawasikii wimbo, na hapo kila mtu anasema spika ni ndogo. Inyanyue juu ya meza au stendi, ipite vichwa vya waliokaa. Isogeze karibu nao. Mzee aliye mwisho wa turubai ataanza kuitikia, na hakuna wati hata moja iliyoongezwa.

Nikisema haya hujibiwa kwamba Warundi ni watu wa ngoma, kwamba kishindo ni sehemu yetu. Ngoma zetu, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu, huingia uwanjani zikiwa vichwani mwa wapigaji wenyewe, nazo zinapigwa huku wakitembea. Ni ala nzito, lakini anayeipiga ndiye anayeibeba. Halafu nchi hiihii ina inanga, na mwimbaji wa inanga hunong'ona. Nyuzi zake zina sauti ya chini, mnong'ono unafuata mwendo wa nyuzi, mpaka unaona kama ala yenyewe inatamka maneno, na wasikilizaji wanakaa karibu kwa hiari yao. Rekodi zilizofanywa Burundi mwaka 1967 na kutolewa na lebo ya muziki ya Ocora ya Ufaransa ziliweka ngoma na mnong'ono huo katika mkusanyo mmoja. Anayedai kwamba asili yetu ni kelele amesikiliza nusu tu ya muziki wetu.

Hoja nyingine inahusu baiskeli, na hii naiheshimu zaidi kwa kuwa inatoka kwa watu wanaoijua kazi. Wanasema: mbona barabara ya kutoka Bugarama kila siku inashusha baiskeli zenye mikungu ya ndizi na magunia ya makaa, mzigo unaomzidi uzito mwendeshaji? Kama makaa yanabebeka, spika ya kilo 20 itashindikana vipi?

Makaa hayana waya zilizochomelewa kwa risasi. Ndizi zikitikiswa kwenye mashimo zinafika ni ndizi zilezile; spika ikitikiswa, sumaku nzito inavuta fremu yake, skrubu zinalegea, na betri iliyofungwa ndani inagonga saketi kwa kila shimo. Mchukuzi wa makaa anashuka mara moja akiwa na mzigo, anauza, anarudi mtupu. Mpiga kinanda anarudi na mzigo uleule, usiku, akiwa amechoka. Tena boksi pana likikaa juu ya keria, uzito wote uko nyuma na juu. Ukianza kupanda kuelekea Kiriri, usukani unakuwa mwepesi na gurudumu la mbele linatangatanga. Isitoshe, Machi 2022 serikali ilizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya jiji, na waendeshaji wakajua maana ya kipande cha mwisho kinachokwenda kwa miguu. Spika usiyoweza kuinyanyua kwa mkono mmoja na kutembea nayo, huku kinanda kikiwa mgongoni, si yako. Ni ya mwenye gari, na gari siku hizi linategemea foleni ya mafuta.

Vipimo vya kubebeka vipo. Kinanda cha Casio CT-S300, chenye vibonye 61, kina kilo 3.3. Roland walitengeneza Cube Street, yenye spika mbili za inchi 6.5, inayotumia betri sita ndogo za kawaida, na uzito wake ni kilo 5.2. Nguvu yake ni wati 5 tu. Muuzaji akisikia hivyo anacheka, lakini chombo hicho kimetengenezwa kwa ajili ya wanamuziki wa mitaani na kinatosha kusanyiko la sebuleni au uani. Kwa turubai lenye watu wengi zaidi, Bose S1 Pro ina kilo 7.1 na betri yake ya kuchaji. Siyataji majina haya ili mtu akope ayanunue. Nayataja ili ionekane kwamba kinanda na spika kwa pamoja vinaweza kubaki chini ya kilo 11, na fundi mzuri wa Buyenzi anaweza kukuundia boksi la uzito huohuo kwa mbao nyepesi, spika moja ya inchi 8, tiwita, na amplifaya ya daraja la D. Aina hiyo ya amplifaya hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa sauti badala ya joto, kwa hiyo haihitaji betri kubwa.

Kwenye betri ndiko uzito mwingi unakojificha. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 7, ile ya maboksi yenye vigurudumu, ina kilo mbili na zaidi, na ukiimaliza kabisa mara kwa mara inakufa mapema. Ya lithiamu yenye uwezo uleule ina karibu nusu ya uzito huo au pungufu, na inastahimili kutumiwa hadi karibu mwisho. Zote zinabeba wati-saa 84. Muziki haupigwi kwa nguvu ya juu mfululizo. Kwa wastani unatumia kama sehemu ya nane ya uwezo wa amplifaya, na hivyo spika ya wati 50, pamoja na umeme wa saketi zake, inaweza kuvuta wati 10 au 12. Hiyo ni harusi nzima na ibada ya kesho yake. Umeme wa mtaa ukikatika, mpigaji wa betri ndiye anayebaki kusikika.

Amplifaya za gita zinazouzwa kwa bei rahisi tuziepuke kabisa. Spika zake zimeundwa kukata sauti za juu kuanzia kama hezi 5,000, na gita linapendeza hivyo, ila kinanda kinasikika kimefunikwa blanketi. Bluetooth nayo isitumike kuunganisha kinanda na spika. Inaweza kuchelewesha sauti kwa sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi, sawa na kupiga huku spika yako iko mita 34 mbali nawe. Mkono unatangulia, sikio linafuata, na mwimbaji anapotea. Chukua waya wa jeki, na kama una waya mmoja, uchomeke kwenye tundu la kinanda lililoandikwa L/MONO, kama lipo.

Nakubali jambo moja bila shida. Spika ndogo haitoi besi ya chini kabisa. Kinanda kamili huanzia hezi 27.5, na inchi 6.5 haifiki huko kwa nguvu yoyote inayofaa. Ila sikio la binadamu hujenga besi isiyokuwepo kutokana na sauti za juu zinazoandamana nayo, kwa hiyo wasikilizaji wanaendelea kuisikia nota ileile ya msingi, na pale isiposikika vizuri, mkono wa kushoto upandishwe oktevu moja. Na kama kuna mpiga gita la besi, muachie kazi yake. Kwaya zetu nyingi zina mpiga kinanda anayezipiga nota za besi juu ya mpiga besi, kisha wote wawili wanalalamikia vyombo.

Vipi ukumbi wa watu 1,000, au kanisa kubwa la Kamenge? Hapo imani ya spika kubwa inaanguka kabisa, kwa sababu mahali pakubwa pana mitambo yake tayari: mikisa, spika za ukutani, na mtu wa kuzisimamia. Mpigaji anachohitaji kuleta ni waya mrefu na kile kiboksi cha DI kinachounganisha kinanda na mikisa bila mlio wa umeme. Vinaingia mfukoni. Spika yake ndogo anaiweka karibu ajisikie mwenyewe. Sasa niambieni: mahali padogo hapahitaji boksi la kilo 20, mahali pakubwa pana mitambo yake, boksi hilo limenunuliwa kwa ajili ya wapi?

Limenunuliwa kwa ajili ya macho ya wanaoajiri. Hao ndio wenye uwezo wa kuibadili hali hii, na nawaomba kwa dhati waibadili. Mwaliko unaosema "njoo na spika kubwa" haumsaidii mtu yeyote. Mwaliko unaosema tutakuwa watu 80, chini ya turubai, umeme hauna uhakika, kuna waimbaji watatu, unampa mpigaji kila kitu anachohitaji ili aje na mzigo unaofaa na afike kwa wakati. Na malipo yahesabiwe kwa upigaji. Ipo desturi ya kumlipa mwenye boksi zaidi ya mwenye vidole. Matokeo yake vijana wanawekeza kwenye mbao na sumaku, mazoezi yanakosa muda, na kwaya inabaki na mtu mwenye sauti kubwa asiyeweza kuhamisha wimbo kutoka ufunguo wa C kwenda E-bemoli pale mwimbaji anapoomba.