Mkonge na uyoga: Vitengeni itafaidi au itauza malighafi tena?

MSAFIRI anayeelekea Vitengeni, magharibi mwa msitu wa Arabuko-Sokoke katika kaunti ya Kilifi, hukutana na magunia ya makaa yaliyopangwa kando ya barabara. Mahindi yanapokauka na mifugo kufa, kama ilivyotokea katika ukame wa 2020 hadi 2023, makaa huwa ndiyo benki ya mwananchi. Anajua anaangamiza miti, lakini karo na unga havingoji mvua.

Ndiposa mjadala unaoendelea mijini kuhusu bidhaa mpya zitokanazo na mimea unawahusu wakazi wa huku, hata kama hakuna aliyewaita mezani.

Kote duniani watafiti wanasaka vitu vya kuchukua nafasi ya plastiki na mbao. Nchini Kenya juhudi hizo zilipata msukumo Agosti 28, 2017, marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa. Jijini Nairobi, kampuni ya MycoTile hutengeneza vibao vya kuta na dari kutokana na mabaki ya mazao yanayoshikanishwa na nyuzi za uyoga. Nayo HyaPak hutumia magugumaji ya Ziwa Naivasha kuunda vifungashio vinavyooza.

Hata hivyo, malighafi iliyo karibu zaidi na mkulima wa Vitengeni ni mkonge. Mmea huu wenye asili ya Mexico uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye ukaenea hadi Vipingo, kusini mwa mji wa Kilifi, ambako mashamba yake makubwa yangalipo. Hustahimili kiangazi ambacho mahindi hayawezi. Bei yake iliporomoka pale kamba za nailoni na plastiki nyingine zilipofurika sokoni karne iliyopita. Leo ni plastiki inayosakamwa, na mkonge unatazamwa upya.

Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, wakishirikiana na Alex Odundo, mbunifu wa mashine za mkonge kutoka Kisumu, walichapisha utafiti kuhusu kutengeneza sodo kwa nyuzi za mmea huo. Waligundua kuwa nyuzi zikishalainishwa kwa kuondolewa ugumu wake, hufyonza maji kuliko pamba inayotumiwa katika sodo za madukani. La muhimu zaidi, walilenga mbinu inayoweza kutumiwa mashinani bila kiwanda kikubwa.

Kwa mzazi wa kijijini, hili si jambo dogo. Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa sodo mwaka 2004, na sheria ya 2017 ikaipa serikali jukumu la kuwapa wasichana wa shule sodo za bure. Soko lipo, tena mnunuzi mkuu anaweza kuwa serikali yenyewe.

Isitoshe, maumbile ya mkonge yanampa mkulima nguvu ya kujadiliana. Nyuzi ni takribani asilimia 4 tu ya uzani wa jani. Kilichosalia ni maji na makapi. Kusafirisha majani mabichi hadi mbali ni kulipia nauli ya maji. Kwa hivyo, hatua ya kwanza ya kazi haina budi kufanyiwa karibu na shamba.

Lakini wakazi wa Kilifi wana kila sababu ya kutahadhari. Wanakumbuka kiwanda cha korosho cha mjini Kilifi, kilichokuwa tegemeo la maelfu kabla ya kuporomoka katika miaka ya 1990. Serikali ilipopiga marufuku uuzaji wa korosho ghafi nje ya nchi mwaka 2009, wakulima wengi walikuwa wamekwisha kuitupa mikorosho yao. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Aidha, bidhaa hizi zingali changa. Kibao cha uyoga sharti kithibitishe kwamba kitastahimili unyevu wa Pwani na mchwa, na sodo sharti ipite viwango vya usalama. Mkonge wenyewe huchukua miaka 3 hivi kabla ya kuvunwa, na usindikaji wake unahitaji maji, bidhaa adimu huku. Kumshauri mkulima ang'oe mahindi leo kwa matumaini ya maabara itakuwa kumpotosha.

Linalofaa ni kuanza na ua wa mpakani na ardhi iliyochoka. Kwa kuwa kilimo kiligatuliwa na Katiba ya 2010, ni jukumu la kaunti kutafuta mashine ndogo za kutoa nyuzi, kuzikabidhi kwa vyama vya ushirika na kusimamia mikataba ya bei kabla ya mbegu kugusa udongo. Chuo Kikuu cha Pwani, kilicho Kilifi, kinaweza kupima ubora.

Pasipo hatua hizo, faida ya utafiti itaishia mijini kama ya korosho ilivyopotea. Vitengeni itabaki palepale: gunia la makaa litaondoka kando ya barabara, na mahali pake pakae mzigo wa mkonge unaosubiri bei ya dalali.