Boksi la Msosi Kisumu? Muulize Mama Mboga Kwanza

Umeona majuu wanaletewa boksi mlangoni: nyama imepimwa, mboga imeoshwa, na karatasi ya kukuonyesha vile utapika. Unalipia, wiki ijayo ingine inakuja. Na najua kuna mtu ashaanza kuwaza, "Hii kitu nikiileta Kisumu si nitaomoka?"

Tulia kwanza, msee. Hata kwao imewasumbua. Blue Apron ya Marekani ikiingia soko la hisa 2017 ilikuwa na thamani ya karibu dola bilioni 2. 2023 ikauzwa kwa milioni 103. Watu walikuwa wanajiunga juu ya ofa, ofa ikiisha wanahepa. Hapa kwetu, Kune ya Nairobi ilipewa dola milioni 1 mwaka 2021 iuze msosi ulioiva. Juni 2022 ikafunga, bei ya vyakula imewalemea. Mwisho wa 2023, Jumia Food pia ikafunga.

Si ati watu wa Kisumu hawapendi kurahisishiwa maisha. Ni vile hilo boksi tuko nalo kitambo. Ukitoka job jioni, pitia Kondele ama Nyalenda: sukuma unakatiwa ukingoja, nyanya mbili, kitunguu, dhania juu. Omena inapimwa kwa mkebe, mafuta ni ya kupima. Hulipi mtu wa nduthi, na ukisota mama anakuandika kwa kitabu. Ni kampuni gani itakufanyia hivyo?

Halafu kuna story ya doh. Mtu wa boda, fundi, mvuvi wa Dunga, wote wanashika pesa kwa siku. Huwezi kumwambia atoe elfu nne tarehe moja. M-KOPA waliisoma hiyo mapema: 2012 walianza kuuza sola ya kulipia kidogo kidogo kwa M-Pesa. Siku huna, taa inalala. Ukipata, inawaka.

So rada ni hii. Hii biashara ikikuja kudumu huku ziwani, italipiwa kwa siku, na mama mboga atakuwa ndani yake. Kile kitabu chake kinajua nani hulipa, nani husumbua, na nyumba gani hula omena Jumanne. Ukimruka, umemnyima karo ya watoto, na bado utafunga duka.

Wewe je, ungemwacha mama mboga wako juu ya boksi?