Daktari, Mgonjwa na Mkutano wa Mtaa

Mvua kubwa ikinyesha usiku katika vilima vya Pugu na Kisarawe, asubuhi Mto Msimbazi hufurika hadi Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa. Redioni habari hiyo husomwa kama habari ya usafiri. Kwetu sisi tunaohudumia wagonjwa wa figo ni habari ya tiba. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi husafishwa damu mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila awamu. Akikosa awamu moja, maji yaliyopaswa kutolewa hubaki mwilini na kuelekea mapafuni, na madini ya potasiamu hupanda katika damu kwa kiasi kinachoweza kusimamisha moyo. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyetoka Magomeni akiwa amezunguka jiji tangu alfajiri. Alifika saa tisa alasiri, amekaa wima kwenye kiti cha bajaji kwa sababu akilala pumzi inakatika. Siku ya kawaida safari hiyo ni ya dakika chache.

Naandika haya kwa kuwa mabadiliko ya tabianchi bado yanazungumzwa miongoni mwetu kama jambo la mikutano ya kimataifa, lenye wataalamu wake na lugha yake, ambalo daktari, muuguzi na mgonjwa hawana la kulifanyia. Mimi naona kinyume. Tunaliona kila siku chumba cha ushauri, ila tumezoea kuliandika kwa majina mengine.

Chukua joto. Kuanzia Desemba hadi Machi hewa ya Dar es Salaam huwa ya moto na yenye unyevu mwingi, na unyevu huo huzuia jasho kukauka juu ya ngozi. Jasho lisilokauka halipoozi mwili. Kijana mwenye afya hulalamika na kutafuta feni. Mzee ambaye moyo wake umedhoofu, anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini kila asubuhi, hupoteza maji kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na siku ya tatu au ya nne huletwa akiwa na kizunguzungu, ameanguka msalani, figo zake zimeumia. Jalada lake litaandikwa shinikizo la damu la chini. Halitaandikwa kwamba chumba anacholala kina bati lisilo na dari, dirisha moja, na hakuna mti hata mmoja hadi mwisho wa mtaa. Ongeza homa ya dengi, iliyotuingilia kwa kishindo mwaka 2014 na tena 2019, ikibebwa na mbu anayeuma mchana na kuzaliana katika tairi kuukuu, ndoo na vifuu vilivyoshika maji ya mvua. Ongeza kipindupindu kilichoanzia hapa jijini Agosti 2015 kisha kikasambaa sehemu kubwa ya nchi. Magonjwa haya yana sababu nyingi, na sipendi tabia ya kulitwisha joto la dunia kila homa. Lakini mvua zinapokuwa nzito kuliko uwezo wa mitaro yetu, na joto linapokaa usiku kucha, sababu zile nyingine hupata nguvu.

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza: Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya gesijoto zinazotolewa duniani, na Tanzania sehemu ndogo mno ya hiyo, kwa nini mkazi wa Tandale aambiwe naye abadilike? Jibu langu ni kwamba hadaiwi deni la wenye viwanda. Waliochafua anga walipe, na serikali zetu ziendelee kuwadai bila haya. Mkazi wa jiji ana kazi nyingine, ya kuuandaa mtaa wake ili mvua ijayo isiue. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi wa waliopoteza makazi walihamishiwa Mabwepande. Maji yale hayakusubiri mjadala wa nani mwenye hatia.

Basi mkazi afanye nini? Kwanza, tuseme ukweli kuhusu usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Ni utaratibu mzuri, nami nashiriki ninapoweza. Lakini tazama kinachofuata. Tope na chupa za plastiki huzolewa mtaroni, hulundikwa kandokando ya mtaro uleule, watu hupiga picha na kwenda zao. Gari la taka halifiki wiki hiyo. Mvua ya kwanza hurudisha kila kitu ndani. Kama mtaa hauna hakika ya gari la kubeba, ni heri usafishe mita 20 na kuziondoa taka zake kuliko mita 200 za kulundika. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 wengi walisema haiwezekani. Leo muuza nyanya anakufungia kwenye karatasi au mfuko wa kitambaa laini wala hakuna anayeshangaa. Tunaweza kubadilika pale ambapo katazo, mbadala na usimamizi vinakwenda pamoja.

Pili, kuna jambo ambalo watu wastaarabu hawapendi kulitaja, nalo ni kutapisha vyoo. Mvua ikikolea, baadhi ya kaya hufungua shimo lililojaa ili maji yachukue kinyesi kwenda bondeni. Mhudumu wa afya aliyewahi kufanya kazi katika kambi ya kipindupindu anajua kinachokuja siku chache baadaye. Kuwatukana watu hao ni rahisi. Ni vigumu zaidi kukiri kwamba gari la kunyonya majitaka haliingii katika vichochoro vyao, na kwamba bei ya kumwaga shimo moja inaweza kumshinda mpangaji wa chumba kimoja. Kaya tano au sita zikichangishana kabla ya masika, Januari au Februari, na mwenyekiti wa mtaa akasaidia kupata pampu ndogo ya kusukumwa kwa mkono, gharama hugawanyika. Hiyo nayo ni hatua ya tabianchi, hata kama haitaonekana kwenye bango lolote.

Tatu, na hapa inanibidi nijitaje mwenyewe. Nyumba yangu iko mteremkoni, upande wa juu. Miaka michache iliyopita nilitandaza uani vile vitofali vya saruji tunavyoviita pevingi, ukuta hadi ukuta, nikafurahi kwamba tope limekwisha. Masika iliyofuata jirani yangu wa chini, mama mtu mzima, aligonga geti asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Mvua ya jana maji ya kwako yamelala kwangu."

Alinichukua akanionyesha. Magodoro mawili yalikuwa juani na unga umemwagwa. Mjukuu wake alikuwa na pumu, na ukuta wa chumba chake ulikuwa umelowa hadi usawa wa goti. Nilikuwa nimetoa mihadhara kuhusu afya ya mazingira mwaka huohuo. Niling'oa theluthi ya vitofali vile, nikachimba shimo la kuzamisha maji na kulijaza kokoto, na maji ya paa nikayaelekeza kwenye tangi lenye mfuniko na wavu, kwa sababu tangi lililo wazi ni kuwafugia mbu. Nimejifunza kwamba mafuriko ya Jangwani hayatengenezwi Jangwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kila tunapozungumzia bonde la Msimbazi tunamnyooshea kidole aliyejenga kibanda ndani ya mita hizo. Ni sawa, hapaswi kukaa pale. Maisha yake yako hatarini. Lakini maji yanayomfuata yametoka kwenye paa zetu, nyua zetu za saruji na maegesho ya magari yetu, sisi tulioko juu ambao hakuna anayetutembelea na rula.

Ni mama yule aliyenipeleka kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa. Nilikuwa nimeishi pale karibu miaka tisa bila kuhudhuria hata mmoja. Nilikuta watu kama 40 chini ya mwembe, wengi wao wanawake na wazee, na ajenda ya nne ilikuwa mtaro. Watumishi wa umma na wataalamu wenye shahada tuliokuwapo tulihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na hapo ndipo maombi ya mtaa huanzia: jambo likijadiliwa na kuingia kwenye muhtasari, mtendaji hulipeleka kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha diwani hulibeba hadi halmashauri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Anayelalamikia mtaro mwezi Aprili, maji yakiwa sebuleni, amechelewa karibu mwaka mzima.

Kwa ndugu zangu watumishi wa afya ninalo ombi mahususi. Katika vitabu vyetu vya MTUHA kuna safu ya mahali anapoishi mgonjwa. Mara nyingi tunaijaza kivivu, tunaandika jina la kata tu, au "Dar". Safu hiyo ikijazwa kwa jina la mtaa, mganga mfawidhi wa zahanati anaweza kuhesabu baada ya mvua: wagonjwa wa kuhara wangapi wametoka mtaa upi, watoto wenye nimonia wangapi. Hesabu hiyo, bila jina la mtu yeyote, ipelekwe kwenye kamati ya usimamizi ya kituo, ambamo jamii ina wawakilishi wake, na isomwe mkutanoni. Nimeona tofauti kati ya kusema "mtaro huu ni kero" na kusema "tangu Machi watoto 31 wa mtaa huu wametibiwa kuhara, na mtaa wa pili wenye mtaro mzuri ni 6". Namba hizo nimezitunga kwa mfano tu. Za kwako zimo kitabuni mwako. Vijana wa vyuo na wakazi walishaonyesha kwamba maarifa ya namna hii hukusanyika: mradi wa Ramani Huria ulioanza 2015 ulichora kata zinazofurika hapa jijini, mitaro, vichochoro na majengo, kwa kuwauliza wanaoishi humo maji hufika wapi.

Mgonjwa naye asingojee mtaa utengenezwe. Kama unasafishwa damu na unaishi ng'ambo ya daraja linalofurika, mwambie muuguzi wako sasa, kabla ya masika, ili ajue kituo kilicho upande wako na jinsi ya kukupigia simu. Ukikwama, punguza maji ya kunywa na uache ndizi, machungwa na maji ya madafu hadi ufike. Kama unatumia dawa za kupunguza maji mwilini, muulize daktari wako kuhusu dozi ya miezi ya joto. Usiiache kwa uamuzi wako. Anayetumia insulini na hana friji anaweza kuihifadhi ndani ya chungu kidogo kilichowekwa katika chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini. Dawa zote, kadi ya kliniki na nakala ya cheti cha dawa zikae katika mfuko usiopenya maji, mahali unapoweza kuushika gizani.

Kuhusu mkaa sitasema mengi. Lengo la taifa ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na kifua cha kila mama ninayemsikiliza kinaniambia lengo hilo ni sahihi. Lakini mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha nyingi kwa mkupuo, ilhali mkaa hununuliwa kwa kopo. Mpaka gesi nayo ipatikane kwa kipimo cha mfuko wa siku, tusimlaumu mpishi. Tumwombe tu asiingize jiko la mkaa chumbani mvua inaponyesha na kufunga mlango, kwani hewa yenye sumu itokayo humo haina harufu na huua watu usingizini. Na miti ipandwe mwanzoni mwa masika, mbele ya zahanati na vituo vya daladala ambako watu husimama juani, kila mche ukiwa na jina la mtu wa kuumwagilia. Mwarobaini mmoja ulio hai mwaka wa tatu una faida kuliko miche 500 ya siku ya sherehe.

Mtaro wa mtaa wetu haujajengwa hadi leo. Umo kwenye muhtasari, umepita kata, na mwaka uliopita halmashauri iliupa fedha za kupima tu. Mkutano unaofuata ni Jumapili ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, chini ya mwembe uleule. Jirani yangu amenikumbusha mara mbili, na ameniagiza niende na hesabu ya zahanati.