MBWA CHOTARA: NI NANI ATAKAYEBAKI NAYE NYUMBANI?

Nina neno, na neno lenyewe linawahusu wengi wetu tunaokwenda likizo ya Desemba na ombi moja mdomoni: "Baba, tununulie mbwa." Si mbwa hivi hivi tu wa kubweka langoni, la hasha! Anayetakiwa siku hizi ni yule mwenye manyoya ya mawimbi, macho ya huruma kama ya mtoto aliyenyimwa uji, na jina ambalo halimo katika kamusi yoyote ya Kiswahili. Wanamwita labradudo. Anao na jamaa zake: goldendudo, kokapu na kavapu. Nyanya yangu aliposikia jina hilo la kwanza aliuliza, "Dudu? Dudu gani tena mnaleta humu?" Tulicheka hadi tukashika mbavu. Lakini ukilitafakari, hilo ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hulisahau.

Basi ni dudu gani? Ni mbwa chotara, aliyezalishwa kwa makusudi na wazazi wa mbegu mbili tofauti. Aghalabu mzazi mmoja ni pudo, yule mbwa mwenye nywele za kipilipili zisizopukutika ovyo. Mzazi wa pili aweza kuwa labrado, goldeni ritriva au koka spanieli. Usione vyaelea, vimeundwa, na hawa wameundwa hasa! Bei yake hununua mbuzi na chenji ikabaki. Niuweke msimamo wangu wazi mapema: sina chuki na chotara. Ninachosema ni kwamba familia nyingi zenye watoto wa bweni kama sisi hazimfai mbwa huyu, na yeye hazifai.

Sifa zake zilianzia Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwanamke mmoja kipofu aliyeishi Hawaii aliomba mbwa wa kumwongoza njia. Taabu ni kwamba mumewe alikuwa na mzio. Akikaribiana na mbwa, anaugua. Ombi likamfikia Wally Conron, aliyekuwa akizalisha mbwa wa kuongoza vipofu. Akajaribu mapudo 33, na hakuna hata mmoja aliyefaa kazi hiyo. Ndipo akaamua kumpandisha labrado, mbwa mtulivu wa kazi, na pudo. Kufikia mwaka wa 1989 alikuwa amepata vilebu watatu. Akatuma manyoya na mate yao Hawaii ili yule mume ajaribiwe nayo. Sasa sikiliza vizuri: kati ya hao watatu, ni mmoja tu, aliyeitwa Sultan, ambaye hakumletea shida. Wawili walishindwa mtihani, ilhali walikuwa watoto wa tumbo moja!

Cha ajabu ni kwamba hao wengine hawakupata wa kuwachukua, kwa kuwa watu walitaka mbegu safi. Conron akawatangaza kwa jina jipya la labradudo, na mara simu zikaanza kulia. Mbwa ni wale wale, jina ndilo lililouza. Mwaka wa 2019 Conron mwenyewe, akiwa amezeeka, aliiambia redio ya Australia kwamba anajutia alichokianzisha, maana watu walizuka kila upande wakizalisha machotara bila kujali afya zao, mradi pesa ziingie.

Ninaieleza hadithi hii kwa sababu nyumbani kwetu Kitengela kuna mtoto mwenye pumu. Dadangu mdogo yuko Gredi ya Tatu. Msimu wa vumbi kifua chake hulia kama filimbi, na mama hulala ameketi kando ya kitanda, inhela mkononi. Muuzaji mmoja tuliyempigia simu alituapia kwamba mbwa wake "hana mambo ya mzio kabisa, hata hospitali mtaisahau." Wacha! Kinachomdhuru mwenye mzio si unywele wenyewe. Ni protini zilizo katika mate, mba ya ngozi na mkojo, na sijasikia mbwa asiye na mate wala ngozi. Mwaka wa 2011 watafiti wa hospitali ya Henry Ford kule Detroit, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima vumbi la nyumba 173 zenye mbwa. Nyumba za wale mbwa wanaosifiwa kuwa hawaleti mzio hazikuwa na nafuu yoyote kuliko nyingine. Mwaka uliofuata watafiti wa Uholanzi wakakuta kwamba manyoya ya mbwa wa sifa hizo, kundi ambalo pudo na labradudo walikuwamo, yalibeba protini hiyo kwa wingi zaidi kuliko ya mbwa wa kawaida. Zaidi!

Kwa hiyo mwenye mgonjwa wa pumu asiende kwa maneno ya muuzaji. Aanze kwa daktari. Daktari akikubali, mtoto apelekwe akakae na mbwa yuyo huyo anayetaka kununuliwa, si nduguye wala mamaye, na si mara moja tu.

Sisi wajukuu wa wakulima hatuhitaji kwenda Australia ili tulielewe jambo hili. Mwaka wa 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mahindi mahuluti ya H611, yaliyopatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mengine ya kutoka Ekuado, Amerika Kusini. Tangu hapo mahuluti yakaenea nchini, na kila mkulima akajua sharti lake: mbegu hununuliwa upya kila msimu. Ukiyachukua ya ghalani ukayapanda, yatamea, ndiyo, lakini hili refu, lile fupi, na jingine gunzi lake ni la kusikitisha. Chotara hali kadhalika. Labrado safi na pudo safi wakizaa, walau una fununu ya utakachopata. Chotara kwa chotara wakizaa, hapo ni bahati nasibu: katika tumbo moja huyu ana nywele za pudo, yule anapukutisha manyoya kama labrado, huyu mkubwa kama ndama, yule mdogo. Muuzaji akikuonyesha picha ya mbwa aliyekomaa, jua hiyo ni picha ya mbwa wa mtu mwingine.

Na lile neno kwamba chotara hagonjeki je? Maji hufuata mkondo. Labrado aweza kurithisha ubovu wa nyonga, na pudo mkubwa vivyo hivyo. Upofu unaoingia polepole umo katika mbegu zote mbili. Wanaosoma Biolojia watanielewa: wazazi wote wawili wakibeba jeni fiche ile ile, kuchanganya mbegu hakusaidii kitu. Mwaka wa 2024 chuo cha kifalme cha udaktari wa mifugo cha London kilichapisha utafiti juu ya kokapu, kavapu na labradudo. Walilinganisha magonjwa 57 baina yao na mbegu za wazazi wao, na katika kama ulinganisho 87 kati ya kila 100 hakukuwa na tofauti ya maana. Chotara si mgonjwa zaidi, wala si mzima zaidi. Basi anayenunua na aulize karatasi za vipimo vya nyonga na macho vya wazazi wote wawili. Muuzaji akianza kukuzungusha, shika njia uende zako.

Manyoya nayo yana karo yake. Nywele za pudo hukua kama zetu, hazikomi. Machotara wengi huzirithi, nazo zisipochanwa hadi kwenye ngozi, karibu kila siku, husokotana zikawa mabonge, na chini ya mabonge ngozi huchubuka. Kila baada ya wiki sita hadi nane lazima anyolewe. Kinyozi aliye mkabala na stendi yetu hunyoa watu tu, na sidhani kama atapenda kuulizwa. Isitoshe, anayeijua Kitengela aujua udongo wake mweusi: mvua ikinyesha, hata viatu vya shule hugeuka vizito kama matofali. Mfikirie mbwa wa nywele za kipilipili akipita katika tope hilo, kisha aingie kwenye vichaka vya kishona nguo. Mtamchana mpaka Jumapili.

Wengi pia hudhani pudo ni pambo la saluni. Kumbe alikuwa mbwa wa kazi, wa kuokota bata waliowindwa majini! Na wazee wa labrado waliwasaidia wavuvi wa Newfoundland kuvuta nyavu katika maji ya baridi. Uchanganye damu ya hao wawili halafu utarajie mbwa wa kulala kwenye kochi? Thubutu! Mbwa wa namna hiyo anataka saa nzima au zaidi kila siku ya matembezi, michezo na mafunzo. Asipopewa kazi atajitafutia: viatu vya baba, godoro, kuku wa jirani. Tena amezoea watu. Ile desturi yetu ya kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia usiku alinde boma, kwake ni kifungo, naye hulia mpaka mtaa mzima ujue.

Sasa nije kwenye kiini chenyewe. Sisi wa bweni tuko shuleni kama miezi tisa ya mwaka. Mbwa tunamwomba Desemba, tunacheza naye wiki chache, tunampiga picha za kuwaonyesha marafiki, kisha Januari tunafunga masanduku. Anabaki na nani? Na mama anayewahi matatu alfajiri. Na baba anayerudi giza limeingia. Na zaidi ya wote, na msaidizi wa nyumbani, ambaye hakuulizwa hata neno moja, na ambaye tayari anapika, anafua na kumpokea mtoto kutoka shuleni. Kazi ya kuchana mbwa haikutajwa siku alipoandikwa. Mwisho wa mambo haya katika nyumba kadhaa ninazozijua ni mmoja: mbwa hupelekwa mashambani kwa nyanya, akafungwa kamba karibu na zizi la mbuzi, nywele zake zikageuka mkeka. Ndugu zangu, mbwa huyu aweza kuishi miaka 12 au zaidi. Kilebu wa leo atakuwa angali hai sisi tukiwa tumemaliza chuo kikuu, pengine tumeoa na kuolewa.

Rafiki yangu mmoja wa dawati moja ananiambia, "Wewe unatunyima raha bure." Simnyimi mtu. Iko familia inayomfaa mbwa huyu: yenye mtu mzima nyumbani mchana, ua uliozungushiwa ua, fedha za daktari wa mifugo, na isiyo na mgonjwa wa kifua. Mzee aliyestaafu apendaye kutembea asubuhi, huyo hata mimi ningemshauri amchukue. Lakini aliyepanga kwenye ploti aulize kwanza mwenye nyumba, kisha majirani. Jirani Mwislamu, ambaye mate ya mbwa kwake ni najisi ya kuoshwa, hatafurahia kilebu anayemrukia mlangoni akitoka kutawadha. Na awe chotara wa bei ya kutisha au koko wa jalalani, chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, kupona ni nadra mno, na Kenya imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030.

Kuna mbwa mwingine ambaye hatumfikirii. Yule wa kienyeji, ukitaka kusema kweli, naye ni chotara, tena wa karne na karne, ila hakuna aliyemtungia jina la kuuzia. Manyoya yake ni mafupi, tope likikauka hupukutika lenyewe. Chama cha KSPCA, kilicho Nairobi, huwatafutia makao mbwa waliotupwa, na miongoni mwao wamo waliokwisha kukomaa. Mbwa mzima unamwona ukubwa wake, unaiona tabia yake, na mtoto mwenye mzio anaweza kukaa naye kabla hamjaamua. Kwa kifua cha dadangu hata huyo si salama bila ya kauli ya daktari, hilo silifichi, na siku ya kliniki imepangwa mwezi wa Agosti.

Kwa sasa mama ameandika siku saba za wiki kwenye karatasi na kuibandika juu ya friji. Kando ya kila siku kuna nafasi ya jina la atakayemchana na kumtembeza mbwa kati ya Januari na Aprili. Nilipoondoka kurudi shuleni, nafasi sita zilikuwa tupu. Ya Jumamosi ilikuwa imejazwa kwa penseli, na jina lilikuwa la dadangu.