Wakili Havunji Nyumba

Mtaani kwetu Nyamirambo, mwanamke akionekana akienda wilayani kuuliza habari za sheria, kesho yake husemwa amekwenda kuvunja nyumba. Mimi nasema nyumba huwa imeshavunjika siku nyingi. Anachokwenda kuuliza ni paa litabaki kwa nani.

Mama yangu mdogo alikaa na mumewe miaka 11. Walioana kwa nikahi tu, umurenge hawakwenda. Mume alipotaka kufunga ndoa ya serikali na mwingine, wazee waliketi sebuleni, wakanywa chai, wakamwambia mama mdogo avumilie, kisha wakamshauri achukue vyombo vyake. Duka la vitenge walilolianzisha pamoja halikutajwa kabisa.

Katiba yetu inatambua ndoa ya kiserikali ya mume mmoja na mke mmoja tu. Kwa hiyo mama mdogo hakuwa na talaka ya kuomba mahakamani, na wazee wakaishia hapo, kana kwamba asiye na cheti hana haki. Lakini kifungu cha 39 cha sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kuadhibu ukatili wa kijinsia kilimtaka aliyeishi kinyumba na zaidi ya mtu mmoja, kabla ya kufunga ndoa halali, agawane nao kwanza, sawasawa, mali waliyochuma pamoja. Mama mdogo alilijua hilo vyombo vikiwa vimeshatolewa nje.

Mtanijibu kwamba wakili ni ghali. Kweli. Ila kila wilaya, Nyarugenge ikiwemo, ina ofisi ya kusaidia watu kupata haki, ile tunayoiita MAJ, na ushauri wake ni bure. Mtasema abunzi wapo. Nawaheshimu, lakini sheria haiwapi mamlaka ya kuvunja ndoa. Hilo ni la mahakama, na shauri siku hizi hufunguliwa kwa mtandao, ndiyo maana kijana wa duka la intaneti amegeuka wakili wa mtaa mzima. Anaandika anachoelewa. Asichokiomba yeye, hakimu atakitoa wapi?

Na sisi wa Kiswahili tusijifiche. Lugha yetu ilifanywa rasmi mwaka 2017, lakini Gazeti Rasmi linatoka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Najua, Nyamirambo wote wanasikia Kinyarwanda. Lakini ndoa nyingi za kwetu hujadiliwa kibarazani kwa Kiswahili: mahari, eda, talaka. Huko sheria haijafika. Tunaandika tasnifu juu ya wahusika wa kike katika riwaya. Mwaka 2024 ilipotoka sheria mpya ya watu na familia, inayozipa thamani kazi za nyumbani zisizolipwa, nani kati yetu aliieleza kwa Kiswahili?

Mimi sikuieleza. Mama mdogo aliponiuliza kama inamhusu, nilimjibu nitamtafutia mtu anayejua.