Kifaa cha Kusikia Kikinyamaza

Mara nyingi kifaa cha kusikia hunyamaza, na watu wa nyumbani husema kimekufa. Kumbe nta ya sikio au jasho limeziba mrija tu. Mtoto hukaa darasani siku nyingi bila kumsikia mwalimu, kisha huitwa mzembe!

Basi wekeni katika kikopo kimoja brashi laini, kitanzi cha waya cha kutolea nta, na kibofu cha mpira cha kupulizia hewa. Kwanza tieni betri mpya. Mkiisha kubandua karatasi yake, ngojeni dakika 1 hewa iingie. Kama kifaa bado kimya, kitengeni na kizibo cha sikio. Kizibo na mrija wake vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha mrija upulizwe hata ukauke. Kifaa chenyewe kisitiwe majini kamwe. Mrija uliokauka ukawa mgumu hubadilishwa. Bisibisi mwachieni fundi.

Betri zifichwe: ikimezwa au kutiwa puani huweza kuunguza mwili kwa ndani. Likitokea hilo, kimbilieni hospitali mara moja.